Gabusi la Baba na Posa ya Ambatoloaka

Chekeni mapema, maana nikifika katikati mtanikatiza. Mimi ndiye yule mwanamume aliyekwenda kuposa akaishia kusimama barabarani ameloa chapachapa, gabusi mkononi, mashangazi wa mchumba wake wakimchungulia juu ya uzio.

Gabusi, kinanda kidogo cha nyuzi, lilikuwa la marehemu baba, aliyekuja nalo Mahajanga, Madagaska, kutoka Ngazija, na kwa miaka mingi lilining'inia ukutani kwetu mtaa wa Antanimasaja, nyuzi zimekatika, ngozi ya tumboni imelegea na kuchanika pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nikapata mchumba, Soa, binti wa kisiwa cha Nosy Be aliyekuwa akishona nguo mtaa wa Tanambao, na mjomba wangu Saidi akaahidi kulipiga siku ya kupeleka posa kwao Ambatoloaka. Nikasema moyoni, nitamshtukiza mjomba, nitalitengeneza mwenyewe (nami sikuwa nimewahi kutengeneza hata kigoda).

Nikabandua ngozi ya zamani. Ilikuwa ya ndama, nikamcheka baba, nikadhani siku ile alikosa kitu bora, maana Mngazija gani asiyejua kwamba gabusi huwambwa ngozi ya mbuzi? Basi nikanunua ya mbuzi kwa mchinjaji, nikailoweka, nikainyoa manyoya kwa wembe (pamoja na ngozi ya vidole vyangu viwili), nikaivuta ingali mbichi, nikaipigilia misumari midogo, nikaianika kivulini siku tatu, nikafunga nyuzi mpya za mshipi wa kuvulia, na lilipolia vizuri nikajiona fundi. Mjomba alisifu sauti, ngozi hakuiuliza.

Sasa msidhani sikujua mwiko. Soa alinionya mapema kwamba kwao mbuzi ni fadi, kama wasemavyo Wasakalava, haingii uani kwa bibi yake tangu enzi za mababu. Nikawa mwangalifu kupita kiasi, nikabeba jogoo, mchele na vitambaa, hata samli niliyobeba niliuliza ni ya mnyama gani. Ila kichwani mwangu mwiko ule uliishia kwenye sufuria.

Melini unyevu wa bahari uliilegeza ngozi, gabusi likawa linalia kama mto unaokung'utwa. Tulipoketi uani kwa kina Soa, mjomba akaninong'oneza nilipashe moto kidogo ngozi ikaze. Nikaenda jikoni, nikaomba makaa, na kwa bidii yangu nikalisogeza karibu mno, mara harufu ikaanza kutembea, jikoni, barazani, mpaka kwenye mkeka wa bibi. Wote walimwita Dadi, na hakuwa na haja ya kupaza sauti. Akauliza kwa Kimalagasi ni mnyama gani anayeungua.

"Ni mbuzi, Dadi," nikasema, tena kwa fahari. "Ngozi nimeiwamba mwenyewe."

Soa akajifunika uso kwa leso. Mjomba akanitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko tusi (baba, alinieleza baadaye, aliwamba ngozi ya ndama kwa makusudi, kwa sababu alikuwa akialikwa kupiga kwenye harusi za Wasakalava). Nikatolewa nje na gabusi langu, nikaambiwa niingie baharini na nguo zangu zote nijitakase, na watalii wawili wakanipigia makofi wakidhani ni mchezo wa kienyeji.

Nikarudi natiririka maji, nikasimama nje ya uzio. Mimi nilishatakasika, gabusi je? Niliamini Soa nimempoteza, na nililia, sioni haya kusema. Bahati yangu uso ulikuwa umeloa tayari. Dadi akaja mpaka mlangoni, akauliza mbona siingii.

"Ni la baba, Dadi. Siwezi kuliacha njiani."

Dadi akaagiza mkeka wake, yeye asiyetoka kumpokea mtu yeyote, akautandika mwenyewe kando ya barabara.

"Mbuzi haingii kwangu," akasema, "lakini mimi nina miguu ya kutoka."

Posa ikapokelewa palepale, baiskeli zikitukwepa, mjomba akipiga gabusi lililolegea na Dadi akiwa ameketi mbali nalo kidogo. Leo mimi na Soa tuna wajukuu. Na nimeapa: sibandui tena ngozi ya gabusi la mtu kabla ya kumuuliza alikuwa akilipiga kwa kina nani, na kama amekufa, nawauliza waliokuwa wakimsikiliza.