Kaburi Nililopaka Chokaa

Nilipaka chokaa kaburi la mutu asiye wetu, halafu nikaenda kucheza mupira. Huo ndio upumbavu wenyewe. Nimeutoa mapema ili usinisumbue.

Mama alikuwa amenituma Ijumaa, na kopo la chokaa na burashi, nikapake kaburi la baba yake kabla yeye hajaenda kumusomea Fatiha. Katika familia yetu, Waislamu tuliotoka Maniema, kazi hiyo haifanywi na mutu wa nje. Inafanywa na damu ya marehemu, tena miguu peku. Miguu peku, Goma! Aliyeanzisha desturi hiyo hakuwahi kukanyaga mawe ya volkano. Ni kama mutu alivunja chupa nyeusi nchi nzima akasahau kufagia. Nilivaa soksi. Desturi haikutaja soksi.

Babu alikuwa mwashi. Wahindi wauza vitambaa wa zamani walimuonyesha michoro ya makaburi ya kwao, naye akawajengea kiwanja hiki chote cha makaburi kwa mawe yetu meusi: kuba mbili, matao yenye ncha, minara minne, na madirisha ya jiwe yaliyotobolewatobolewa kama vile vitambaa mama anavyotandika juu ya kanape za sebuleni. Wageni wanapita mbio kwenda mbugani Rumangabo kwa sababu ya sokwe; hapa hasimami hata mwenye kubanwa na mukojo. Babu alizikwa humohumo, bila jina, chini ya dirisha lenye nyota alilolichonga mwenyewe. Mama husema dirisha linatosha kumutambulisha.

Ningelitafuta. Lakini lava ilishafunika nusu ya kiwanja, dirisha lilikuwa huko nyuma kabisa, nyayo zilikuwa zinawaka, na wenzangu walikuwa wananingoja uwanjani. Kaburi la kwanza karibu na mulango lilikuwa limenyooka vizuri. Nikapaka hilo.

Jumapili tukaenda na mama, yeye ameshika kopo la chokaa iliyobaki, mimi nimevaa soksi zilezile. Magoti yalimufungia nyumbani tangu kabla ya lava. Dereva wa moto, pikipiki ya kukodi, hakujua mahali, tukazunguka mitaa ileile mara tatu, na kila kona mama ananisukuma mugongo: "Si wewe ulikuja juzi? Onyesha njia!" Tulipofika, mulinzi hayupo. Jua lilitupiga hapo mpaka mutoto mumoja akatuambia mulango haukufungwa. Ulikuwa umeegeshwa tu.

Mama alienda moja kwa moja kwenye kaburi jeupe.

"Njo hili? Ndilo lenyewe?"

"Njo hili, mama."

"Na dirisha la nyota?"

"Lava ilikula, mama."

Akakaa chini, akaweka kiganja juu ya chokaa yangu, akaanza kulia. Mimi nilitegemea Fatiha moja na kurudi kula. Yeye akamupa marehemu habari zote: arusi ya dada yangu, magoti, bei ya unga. "Na huyu mujukuu wako, ana ujinga kidogo, lakini ukimutuma anaenda." Kila nilipofungua mudomo niseme ukweli, alianza habari nyingine. Ilikuwa kama kusubiri zamu kwa kinyozi.

Mulinzi akatokea, muzee wa kofia, na mukate mukononi.

"Mama, huyu mulijuana wapi?"

"Ni papa yangu."

"Papa yako alikuwa Muhindi?"

Nilitazama upande wa volkano. Ikitaka kulipuka, huo ndio ulikuwa wakati wake.

"Hili ni la Muhindi wa duka la vitambaa," muzee akasema. "Hata mimi nilishangaa, nani amemukumbuka leo."

"Na la fundi aliyejenga hapa?" mama akauliza.

Akaelekeza mukate kule nyuma. Dirisha lilikuwa limezama nusu ndani ya lava, lakini nyota ilikuwa nzima. Chini yake, majani yamefika magotini.

"Liko," mama alisema. Hakumwambia muzee. Aliniambia mimi.

Alienda polepole, akaingiza vidole kwenye matundu ya nyota, kidole kimoja kimoja. Hakulia tena, machozi aliyaacha kwa Muhindi. Aliporudi alikuwa ameshika kandambili zake, nami nikakinga kichwa. Akaninyooshea kopo.

"Yule Muhindi nimeshamulilia, hawezi tena kuwa mutu wa nje. Kila mwaka utapaka yote mawili. Anza na papa yangu. Na hizo soksi, vua."