Restuta na Salamu za Miyuji

Hapa Miyuji zamani ukisikia mtu anahema kabla hajafika mlangoni, ujue ni Restuta. Ni Mgogo, mzaliwa wa kijiji cha Zuzu, na enzi za usichana wake alipiga ngoma ya muheme, ile ya kubana mapajani, mpaka wanaume wakasahau pombe zao. Alipohamia huku mjini akafungua genge mbele ya nyumba, akakaa kwenye stuli, na stuli ikampenda. Hata mashineni kusaga alikwenda kwa bodaboda.

Pasaka alikwenda kwao Zuzu, akashika ngoma. Wimbo mmoja tu, akaenda chini, mkono kifuani. Zahanati wakampima, presha iko juu. Nesi akampa dawa na maneno: "Mama, moyo nao unataka mazoezi. Tembea kila siku, mwendo wa kukutoa jasho."

Akaja kwangu analia. "Mwenzangu, Anitha anaolewa baada ya mavuno. Mtoto wa marehemu dada, nimemlea mwenyewe. Ngoma yake apige nani?"

"Atapiga mwenye pumzi," nikamjibu. "Anza kutembea."

Akaanza kweli. Kila asubuhi kanga kiunoni, raba za mwanawe miguuni. Wiki zikapita, pumzi ni ile ile. Nikasema huyu ananidanganya, nikamfuata. Weee! Hatua chache, kasimama kwa mzee Batholomeo. "Shikamoo baba. Mmeamkaje? Mama je? Ng'ombe? Mbuzi? Na yule ndama aliyevunjika mguu?" Kaaga hapo, kasimama mlango wa pili. Tunafika nyumba ya nne, jua limeshakuwa kali.

"Wewe unatembea au unafanya sensa?" nikamuuliza.

"Sasa nimpite mtu mzima kama napita mti? Watasema mji umeniharibu."

"Msalimie. Ila miguu isisimame. Anayetaka kumaliza salamu akufuate."

Kesho yake tukapita kwa Kuluthumu, Mrangi wa Kondoa, muuza maandazi. Restuta akamsalimia huku anakwenda. Kuluthumu akashika kiuno. "Restuta! Kwani tumegombana?"

"Hatujagombana, shoga. Njoo tumalizie huku!"

Akatufuata na ndoo yake ya maandazi, anatusema njia nzima. Lakini umbea aliokuwa nao ulitufikisha korongoni na kuturudisha. Siku iliyofuata akamleta na mdogo wake, Amina. Haikupita muda tukawa kundi, wanawake watupu, na mzee Batholomeo akitusikia tu anapaza sauti, "Ng'ombe wazima!" kabla hatujauliza. Dawa Restuta hakuacha. Aliporudi kupimwa, presha imeshuka, nesi akamuuliza amekula nini. "Umbea," akamjibu.

Harusi ikafika. Pale Zuzu Restuta akabana ngoma, mimi macho kifuani kwake. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Wa tatu Anitha akavua viatu vyake vya harusi, akaingia kucheza mbele ya mama yake mdogo, wote wawili machozi na meno nje. Mabinti waliokuwa wakipiga naye wakaanza kujiondoa mmoja mmoja.

"Mnakwenda wapi?" akawafokea. "Bodaboda zimewadekeza!"

Kuluthumu akaita kutoka jikoni, "Restuta, pumzika basi, wali unapoa!"

Ulipoa kweli. Tukaula hivyo hivyo.