Nyumba ya Gesi Bila Ng'ombe

Nilimchukia afisa mauzo wa kampuni iliyotujengea nyumba tangu siku aliyoingia jikoni kwangu bila kubisha hodi. Nilikuwa nimeinama nasugua sufuria lililoungua, kanga imenilegea kiunoni, nikasikia sauti ya kiume nyuma yangu: "Na hapa ndipo jikoni, nishati safi kabisa." Kugeuka, namkuta amesimama na watu nisiowajua, wote na viatu vyao, juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki. Mmoja anapiga picha masufuria yangu.

"Wewe umeingiaje?" nikamuuliza.

"Samahani dada, mlango ulikuwa wazi. Hawa ni wageni wa kampuni."

"Mlango ukiwa wazi ndiyo umeshakaribishwa?"

Akacheka kidogo, akawageukia wageni wake na kuwaambia kwamba wakazi wa mtaa huu ni wachangamfu sana.

Nyumba aliichagua mume wangu. Anaendesha malori mgodini Geita, na huko aliiona kampuni hiyo ikijenga nyumba, akazipenda. Alinipigia simu kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake siku nyingi. "Mke wangu, matofali yake hayachomwi. Hakuna mti unaokatwa. Yanashindiliwa kwa mashine, yanakaukia kivulini, yanafungamana yenyewe." Alizungumza kama mtu aliyeokoka. Basi tukanunua moja pembezoni mwa mji wa Shinyanga, upande wa barabara iendayo Samuye, alikozaliwa yeye. Ilikuwa nyumba ya kona, jirani na geti, tena ya kwanza kupata watu. Wakati wa kusaini akakubali kwamba wageni watapita mara mojamoja kuiangalia. Aliyekubali alikuwa Geita. Wa kuvamiwa nilikuwa mimi.

Nyumba yenyewe sitaisingizia. Kuta zake zilikuwa nene, na lile jua la kabla ya mvua, linalokufukuza kwenye nyumba nyingine za bati, humo ndani ulilisikia kwa mbali tu. Maji ya mvua yalishuka kwenye mifereji hadi kwenye tangi lililofukiwa. Juu ya kila ukuta waliacha matundu ya hewa ili upepo uzunguke chumba hadi chumba. Msingi waliunyanyua kwa sababu ya udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasua nyumba za watu kila kiangazi. Mafundi walifanya kazi yao. Ugomvi wangu ulikuwa na waliokaa mezani wakanipangia namna ya kuishi.

Mkaa ulikuwa marufuku, kuni marufuku. Nyuma ya kila nyumba walichimba mtambo wa gesi: unatia samadi ya ng'ombe iliyokorogwa na maji, inachacha humo chini, gesi inapanda kwenye bomba hadi jikoni. Jambo jema. Lakini sheria za mtaa zilikataza kufuga ng'ombe. Samadi, walisema, italetwa na trekta la kampuni kutoka kwa wafugaji wa vijijini.

Mwanzoni ililetwa. Nyumba zilipojaa watu, trekta likaanza kuchelewa, na mwishowe halikuonekana tena. Moto wa jiko langu ukapungua hadi ukawa kama wa kibatari. Chai ikawa haichemki, ugali ndiyo usiuseme.

Nikaenda ofisini kwao. Afisa mauzo alinipokea kwa soda.

"Dada, hiyo ni changamoto ya usafiri tu. Tunaishughulikia."

"Basi ruhusuni tufuge. Ng'ombe wawili tu wananitosha."

"Haiwezekani. Ng'ombe wanaharibu mandhari. Huu ni mtaa wa kijani."

Mtaa wa kijani! Nilikuwepo katapila lilipong'oa migunga yote ya pale, mpaka mashina. Ukijani uliobaki ulikuwa rangi ya geti. Soda yake niliiacha mezani.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amehamia kwetu kutoka Samuye kwa sababu ya miguu yake. Nilipomweleza habari ya gesi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha ghafla. "Mayu," akaniambia, kwani ndivyo alivyoniita, kwa Kisukuma chake, mama. "Gesi inatoka kwa ng'ombe, na ng'ombe hatakiwi. Hawa watu wanatuona sisi ni nini?"

Nikanunua jiko la mkaa. Nililiweka baraza ya nyuma na kulitumia mchana kweupe.

Siku ya ugomvi nilikuwa nimeteleka maharage. Afisa mauzo akaja mbiombio, peke yake, jasho linamtoka. Alikuwa na wageni wakubwa, watu waliotaka kujengewa nyumba za namna hiyo huko Ushirombo, na gari lao lilikuwa linaingia getini. Akaliona jiko.

"Toa hilo! Toa haraka!"

"Hayajaiva."

Hakunisubiri. Aliishika kanga yangu iliyokuwa kwenye kamba, akaitumia kuepua sufuria na kuliweka chini sakafuni. Kisha akaliinua jiko lenyewe, makaa yanawaka, akaliingiza stoo na kufunga mlango. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, anachambua mchele. Alimruka mara mbili, kwenda na kurudi, asimpe hata shikamoo.

Mama mkwe akaniuliza, "Huyu hana mama?"

Wageni wakaingia sebuleni. Akaanza kuwaeleza kuta, mifereji, tangi, hewa inavyozunguka. Nilisimama mlangoni nimefunga mikono kifuani. Alipofika kwenye "nyumba isiyo na moshi kabisa", moshi ulikuwa umeshaanza kuingia. Ulitoka stoo, ukapita kwenye matundu ya hewa juu ya ukuta, ukatambaa chini ya dari, na ukashuka polepole hadi usawa wa vichwa vyao. Alipaza sauti, akaongeza mwendo wa maneno. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akakohoa.

"Dada, unapikia nini humu?" akaniuliza.

"Anapikia gesi," akajibu afisa mauzo.

"Nimemuuliza mwenye nyumba."

Nikamwambia, "Twende nikuonyeshe." Nilimpeleka baraza ya nyuma, nikamwonyesha sufuria la maharage lililo chini. Nikamfungulia stoo, moshi ukatupiga usoni. Nikamwonyesha jiko la gesi, nikawasha kiberiti, hakukuwaka kitu. Nikamweleza habari ya trekta na habari ya ng'ombe. Alisikiliza bila kunikatiza, akauliza swali moja tu, kama nyumba za majirani nazo ziko hivyo. Nikamjibu kwamba aende akawaulize.

Wageni walipotangulia kwenye gari, afisa mauzo alirudi akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Umeniharibia kazi. Utaona."

"Umeingia kwangu, umebeba jiko langu kwa kanga yangu, umemruka mama yangu kama gogo. Nione nini kingine?"

Niliyaona. Mfereji wangu wa maji uling'oka upande mmoja, na fundi wa kampuni alipopita kutengeneza mifereji ya nyumba zote akairuka yangu. Mlinzi akaagizwa asifungulie bajaji inayoniletea mizigo ya vitenge ninavyouza, kwa hiyo nikawa nashushia nje na kubeba mwenyewe. La majirani ndilo lililoniuma zaidi. Nao walikuwa wakipika kwa mkaa, ila wao walijificha. Jirani wa nyumba ya pili alinisimamisha njiani: "Umetuchafulia mtaa. Kesho tukitaka kuuza nyumba nani atanunua?" Baada ya hapo hata salamu wakaninyima.

Mama mkwe aliyatazama hayo yote. Kisha akampigia simu mwanawe mdogo, shemeji yangu, aliyebaki Samuye. Asubuhi moja shemeji akafika getini anaswaga ng'ombe wawili, mama mkwe akatoka nje kumlaki.

Mlinzi akafunga geti. "Mama, mimi nimeagizwa."

"Najua, baba," mama mkwe akamjibu. Akaomba kigoda, akakaa pale pale katikati ya njia, ng'ombe wamesimama kulia na kushoto kwake.

Gari la kampuni likaja. Afisa mauzo akapiga honi. Ng'ombe mmoja akainua mkia, akaachia samadi mbele ya bampa. Akapiga honi tena, akateremsha kioo.

"Bibi, ondoa hao wanyama!"

"Nisalimie kwanza."

"Nina haraka!"

"Mimi sina."

Watu wakatoka kwenye nyumba zao. Nyuma ya gari lake likasimama lori la saruji, nalo likaanza honi. Aliangalia mbele, akaangalia nyuma, uso umemvimba. Mwishowe akasema, "Shikamoo," kama mtu anayetema mbegu.

Mama mkwe aliweka kanga yake sawa kwanza. "Marahaba," akasema. "Sasa mwambie huyu afungue, ng'ombe wapite, na wewe upite." Mlinzi alimtazama bosi wake. Bosi akapunga mkono kwa hasira, geti likafunguka.

Jirani wa nyumba ya pili alikuja na ndoo, akazoa ile samadi ya njiani, akaondoka nayo bila kuniangalia.

Kampuni ilitutishia kwa muda, kisha ikachoka. Siku hizi nyumba kadhaa zina ng'ombe, mabanda yamejengwa vizuri karibu na mitambo, na nasikia wageni wakija huonyeshwa mabanda hayo na kuambiwa kwamba ndivyo mpango ulivyokuwa tangu mwanzo. Kwangu hawaletwi. Jiko langu linawaka buluu, na maharage yanaiva.

Mume wangu alikuja likizo baada ya hayo yote. Nilidhani atanipongeza. Alishuka kwenye bodaboda, akasikia harufu, akazunguka nyuma, akasimama mbele ya zizi, begi bado liko begani.

"Nani kaleta hawa?"

"Mama yako."

"Na wewe ukakubali." Aliweka begi chini. "Unajua utoto wangu wote uliishia wapi? Nyuma ya mikia ya hawa. Wenzangu wako darasani, mimi niko mbugani. Nilitaka sehemu moja tu duniani nisiyaone haya mavi. Moja tu."

"Ungeniambia hivyo kabla ya kuninunulia nyumba inayokula mavi."

Mama mkwe alitusikia wote wawili kutoka barazani, akaendelea na mchele wake.

Ng'ombe hawakuondoka, na sitawaondoa. Kila akija kutoka Geita, mume wangu hukaa baraza ya mbele, nami humpelekea chai huko huko. Huinywa bila kuniuliza imechemshwa kwa moto gani.