Jina Ambalo Sikulibeba Kifuani

Wazee watatu wa kanisa walikuja nyumbani kwetu, karibu na Kyuso, wakati wa kuvuna ndengu, wakanitaka nimsome binti yangu mbele ya washirika. Nilikubali. Nilipaswa kukataa palepale, kabla chai haijapoa.

Kusomwa ilikuwa desturi yetu. Mshirika akianguka katika dhambi inayoonekana, jina lake linasomwa Jumapili, kisha anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, haimbi kwaya wala hashiriki Meza ya Bwana mpaka wazee waridhike. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi mitano. Mimi nilikuwa mwinjilisti wa siku nyingi, na mwezi uleule nilikuwa niwekewe mikono kuwa mchungaji. Joho langu jeusi lilikuwa tayari kwa fundi mjini Wote.

"Mwinjilisti," mzee mmoja alisema akipuliza kikombe, "nyumba yako ikivuja, utaezeka ya nani?"

"Na usome wewe mwenyewe," wa pili akadakia, "watu wasije wakasema umemficha mtoto nyuma ya joho."

Mke wangu alikuwa anamimina chai. Akaiweka birika chini. "Na yule aliyempa mimba, mtamsoma lini?"

"Aa, mama, yule ni wa kanisa lingine. Angekuwa wetu tungemsoma mpaka viatu."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza joho.

Jioni hiyo nilimkuta binti yangu uani akipepeta ndengu, nikamweleza. Hakuacha kupepeta.

"Nitasimama, Baba. Nimekosa, sikatai. Lakini nisomwe na mwingine. Mzee yeyote."

"Watasema nimependelea."

"Si waseme tu? Wewe ni baba yangu."

Jumapili nilimsoma. Nilisoma kwa sauti ya madhabahuni, ile ninayotumia kusoma matangazo ya mazishi, na nilipomaliza nilikunja karatasi mara nne ingawa mara moja ingetosha. Yeye alisimama akiangalia sakafu. Alitembea mpaka benchi la nyuma, akakaa kidogo, halafu akatoka nje. Kufikia Jumatano alikuwa ameondoka nyumbani na mfuko mmoja.

Siku ya kuwekewa mikono alikuja mhubiri mgeni ambaye hakujua habari zetu. Alifundisha juu ya mavazi ya kuhani mkuu wa zamani. Alisema kuhani yule hakuvaa ili apendeze. Kwenye mabega yake palikuwa na mawe yaliyochorwa majina ya makabila, na kifuani majina yaleyale tena, kumi na mawili, hata ya makabila yaliyokuwa yameharibu. Hakuruhusiwa kuacha jina nyumbani ili aingie mbele za Mungu akiwa mwepesi. Akasema Mkristo yeyote, hata mama anayechota maji mtoni, amevikwa ukuhani huo, na kazi yake ni kuingia na majina ya watu wake yakiwa juu ya moyo.

Watu waliitikia amina. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele, nimevaa joho jipya, na jina moja nilikuwa nimelitoa mwenyewe kwa mdomo wangu.

Kitu kingine sikukielewa mpaka nilipozeeka. Kuhani yule alipewa pia nguo ya kitani ya ndani, isiyoonekana na mtu, ya kufunika uchi wake. Kwanza alioshwa, akafunikwa, ndipo mavazi ya dhahabu na mawe yakafuata. Mimi nilianzia juu. Aibu yangu niliifunika kwa kufunua ya mtoto. Nimehubiri mara nyingi kwamba tumvae Kristo, na sikuwahi kusema wazi kwamba kumvaa ni kumfunika mwenzako kwa nguo uliyofunikwa nayo wewe.

Baada ya miaka miwili tulisikia kwamba binti yetu yuko mjini Makindu. Siku za kwanza alikula kwenye hekalu la Makalasinga, ambako mpita njia hulishwa bila kuulizwa ametoka wapi wala amefanya nini, kisha akapata kazi ya kuuza katika duka la vitambaa. Nilikwenda. Nilivaa kola yangu nyeupe, nikidhani itanisaidia kuomba msamaha. Hilo nalo lilikuwa kosa.

Alikuwa anakata kitambaa, mtoto amelala chini ya meza. Alinitazama shingoni kabla ya kunitazama usoni.

"Karibu, Mchungaji. Nikusaidie na nini?"

"Nimekuja kukuomba msamaha, mwanangu."

"Nimeshakusamehe," alisema, mkasi haukusimama. "Mama aje wakati wowote. Wewe, Mchungaji, uniombee tu ukiwa huko huko."

Nilitumikia kwa joho lile miaka kumi na mmoja, nikastaafu kwa heshima. Binti yangu aliolewa, na aliyesimama mahali pa baba alikuwa mwenye duka. Mke wangu huenda kwa binti yetu kila Desemba, mimi hubaki nyumbani. Mjukuu wangu sasa yuko sekondari na hajawahi kukanyaga boma hili. Nilipata uchungaji, nikampoteza mtoto wangu wa pekee, naye yu hai.