Rimma na Protini Yenye Mkia

Rimma Arkadyevna alikuwa fundi wa maabara mjini Pushchino, hodari wa kusafisha protini na kuzigombeza. Kwa miaka miwili alihangaika na protini moja ya binadamu, ile inayoshika kichwa cha ujumbe wa jeni ili seli ianze kuusoma na kuunda protini nyingine. Yeye na wenzake walitaka fuwele zake ili waone umbo lake, lakini walipata uji mtupu.

"Leo umeitukana au umeibembeleza?" Gleb, mkuu wake, mdogo kuliko mwana wa Rimma, alimtania.

"Mkia wake, ile ncha inayoning'inia, hautulii. Tuukate."

"Rimma Arkadyevna, hiyo ni protini, si tango la achari!"

Rimma akafupisha kimyakimya jeni inayounda protini hiyo, mkia ukatoka. Baada ya wiki tatu fuwele ziling'aa kama chumvi. Picha ya eksirei ikaonyesha kitu kama kiganja kilichokunjwa, kimebana kichwa cha ujumbe katikati.

"Bila mkia bado inashika?" Gleb aliuliza.

"Inashika vizuri. Wapo humu wenye vyeo virefu na hawashiki kitu."

Gleb alicheka hadi machozi, kisha akaandika jina la Rimma la kwanza kati ya waandishi wa makala ya utafiti huo. Rimma alilisoma mara tatu, amesimama.