Rekodi za Mama Albina

Beata ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi mjini Mbinga, karibu na stendi. Watu wanamjua kwa kuchapa haraka bila makosa: barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za jirani, ratiba za misa za vigango. Lakini alichokithamini kuliko vyote pale dukani hakikuwa cha mteja. Kilikuwa ndani ya laptop yake, kwenye folda aliyoiita Mama.

Kwao ni Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa. Kwa miaka minne, kila Pasaka na kila Krismasi, alikuwa akishuka kumsalimu mama yake, Albina, na kila aliposhuka alimrekodi. Mama aliongea Kimpoto, lugha ya kwao, huku mikono ikichambua usipa, dagaa wa ziwa lile. Alisimulia jinsi alivyoposwa. Alisimulia alivyopanda Mbinga mara ya kwanza akiwa msichana, akaona watu wanatoa moshi mdomoni kwa baridi, akadhani wote wanavuta sigara. Rekodi zilifika sitini na tatu, na kila moja Beata aliipa jina lake.

Kisha mama akapata kiharusi. Mguu ulirudi taratibu, ulimi haukurudi. Alisikia na kuelewa yote aliyoambiwa, lakini akitaka kujibu ilitoka sauti moja tu, "e, e," na macho yalimjaa hasira. Zamani alikuwa akimpigia Beata simu kila Jumapili akitoka kanisani. Sasa Kilian, mdogo wake Beata anayeishi na mama, alimwekea mama simu sikioni, na huku Mbinga Beata alisikia pumzi tu. Alimweleza habari za duka na za mvua, kisha akasikiliza tena ile pumzi mpaka salio likaisha.

Tangu siku hizo hakuifungua ile folda. Alijiambia atazisikiliza atakapopata nguvu.

Mwezi Machi, laptop ilikuwa ikijisasisha yenyewe asubuhi umeme ulipokatika. Betri yake ilikwisha kufa siku nyingi, kwa hiyo ilizimika palepale. Umeme uliporudi, kioo kilitoa rangi ya bluu, kikazima, kikawaka tena bluu. Ilikuwa wiki ya mitihani na walimu walikuwa mlangoni. Beata akaipeleka kwa fundi wa jirani, aliyemwambia Windows imekufa, inawekwa mpya kwa saa moja. Hakumwuliza kama kuna kitu cha kuhifadhiwa. Beata naye, kwa ile haraka, hakusema.

Ilirudi nzima, inafanya kazi kama imetoka dukani. Alichapa mitihani siku tano mfululizo. Siku ya sita wateja walipopungua, akaitafuta folda ya Mama. Haikuwepo. Akatafuta kila mahali palipowezekana kutafutwa, halafu akafunga duka mchana kweupe akaenda kukaa kanisani, asiombe wala asilie.

Mwalimu mmoja ndiye aliyemwelekeza kwa Ilyasi, mtu mzima mwenye duka la kutengeneza redio na kompyuta nyuma ya msikiti. Ilyasi aliiunga laptop na umeme, akaiwasha, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Dada, tangu walipoweka Windows mpya, umeitumia?"

"Siku tano. Nimechapa mitihani."

Ilyasi akaizima laptop, akachomoa waya. Akamweleza kwamba kitu kikifutwa hakiondoki mara moja. Kinabaki pale kama shamba ambalo mwenyewe amehama, mpaka mwingine aje kulima juu yake. Kila alichochapa siku zile kilihitaji mahali pa kukaa. Huenda kilikaa pembeni, huenda kilikaa juu ya mama yake.

Beata alikaa na neno hilo siku nne. Akipita mtoto wa shule na karatasi ya mtihani mkononi, alijiuliza ni hadithi gani imelala chini ya maswali yale.

Ilyasi alikuwa ameitoa diski, akaiunga kwenye mashine yake, akaiacha ichambuliwe kidogo kidogo. Siku ya nne alimwita. Zilipatikana rekodi arobaini na moja. Ishirini na mbili hazikuonekana, au zilifunguka zikatoa mkwaruzo mtupu. Na zile zilizopona zilikuwa zimepoteza majina. Zilibaki namba tu.

"Itabidi uzisikilize moja moja uzipe majina upya," alisema. "Hilo mimi siwezi kukusaidia. Lugha yenyewe siijui."

Aliirudisha diski kwenye laptop, akazinakili rekodi kwenye flashi mbili na kumwonya asiziweke mahali pamoja.

Beata hakuzisikiliza Mbinga. Ijumaa alibeba laptop na flashi, akapanda basi la Lituhi kupitia Kitai, akala vumbi la malori ya makaa ya mawe njia nzima. Alimkuta mama ameketi kibarazani, mkono wa kulia umelala mapajani. Akampigia magoti, "Shikamoo mama," naye mama akamshika kichwa kwa mkono ule mzima.

Kesho yake asubuhi, Kilian akiwapo, akaiunga laptop na umeme, akafungua rekodi ya kwanza.

Sauti ya Mama Albina ikatoka, ya haraka, yenye utani, ikimsema jirani. Mama akashtuka. Akatazama laptop, akamtazama Beata, kisha akageuza uso ukutani. Machozi yalimtoka bila sauti. Beata akaizima upesi, akamwomba radhi, akajilaumu kwamba amemletea mama yake mtu aliyemwibia kinywa.

Mchana mama aliinuka mwenyewe, akajikokota hadi ndani, akaigonga laptop kwa kidole mara mbili.

Wakasikiliza siku mbili. Beata alitaja jina analodhani, na mama alikubali kwa kichwa au alikataa kwa mkono. Mara nyingine alicheka kabla hadithi haijafika penye kuchekesha. Rekodi ya thelathini ilikuwa wimbo wa kutwanga mihogo. Ulipoanza, mama alifumba macho, midomo ikaanza kucheza, na maneno yakatoka. Maneno mazima, ya Kimpoto, yaliyonyooka, yakienda sambamba na sauti yake ya zamani. Kilian aliweka chini ndoo aliyokuwa ameishika. Hakuna aliyethubutu kusogea.

Wimbo ukaisha. Beata akasogea karibu.

"Mama, niite. Niite mara moja tu."

Mama akafungua mdomo. Beata aliona juhudi ikipanda shingoni. "E," alisema mama. "E, e." Safari hii hakukasirika. Alimvuta Beata akamlaza begani, na Beata, mwanamke wa miaka arobaini, akalala pale mpaka jua likahama kibarazani.

Sasa flashi moja iko Lituhi na nyingine iko kwa Ilyasi. Kilian anasema mama huimba karibu kila siku, na wimbo ukikatika, maneno nayo hukatika. Beata anazijua rekodi zote kwa moyo. Anazishukuru. Lakini akifunga duka jioni hutamani kusikia jambo ambalo mama hajawahi kulisema, hata dogo, hata kukaripiwa kwa sababu ya kusafiri bila sweta.