Kura Tatu za Shemeji

Waingereza walipotutangazia uchaguzi wa kura tatu, mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja pale Kibiti, na chama chetu cha kudai uhuru nilikipenda kuliko chakula. Nilianza kukisema asubuhi nikitia uzi kwenye sindano, na jioni nikifunika cherehani nilikuwa bado nakisema. Lakini kura sikuwa nayo. Sheria ilitaka mpiga kura awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na kipato kikubwa, au ashike kazi ya madaraka. Mimi niliishia la nne, na kipato changu kilikuwa cha mtu wa kutia viraka kanzu za watu.

Kura tatu zilikuwa hivi: mpiga kura alipewa karatasi, akatakiwa achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Akimwacha hata mmoja, karatasi yote imeharibika. Wenzetu wengi walitaka tususie. Chama kikaamua tuingie, tena kikatutajia Mhindi wa kumpigia na Mzungu wa kumpigia. Kazi ya kuwaeleza watu tukaachiwa sisi tusio na kura.

Mwafrika wetu hakunipa shida. Alikuwa mwalimu aliyeacha kazi ya serikali ili agombee, na akisimama kusema, hata waliokuja kununua chumvi walisahau chumvi yao. Mpinzani wake alikuwa mtu wa kushinda ofisini kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, na sikuona kama angepata kitu. Mhindi wetu alikuwa wakili wa mjini. Hatumjui, lakini na mwenzake hatumjui vilevile, kwa hiyo ngoma ilikuwa sawa. Taabu ilikuwa Mzungu. Wa upande wa pili aliwahi kufika kijiji cha Ngorongo na bunduki, akawaua tembo waliokuwa wakimaliza mpunga wa watu. Wetu hakuna aliyemwona hata kivuli.

Mzee mmoja wa Ngorongo alikuja kushonewa kanzu, nikamweleza habari hizi. Akanisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Huyu Mzungu wenu ameua tembo wangapi?"

"Hajaua, mzee wangu. Lakini anakubali tujitawale."

"Na tukishajitawala, tembo watakwenda wapi?"

Nikaendelea kupiga pindo.

Tajiri wangu mwenye duka, yeye alikuwa na kura na alikuwa wa upande ule mwingine. Hakuwa mkali. Alikaa nyuma ya mizani yake akipima sukari, akanisikia nikiwahubiria wateja, halafu akasema taratibu, "Fundi, wa kwenu Mwafrika atapita. Hilo nakubali. Lakini Mhindi na Mzungu wenu wataanguka. Nani ataacha mtu anayemjua, achague asiyemjua?"

"Chama kimesema, tajiri."

"Chama hakiingii na mtu kwenye chumba cha kura."

Maneno hayo yalinikera mno, kwa sababu nami niliyaogopa. Jimbo letu wenye kura walikuwa wachache, nikaona hatuwezi kupoteza hata mmoja. Na mmoja wa hao wachache alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, karani wa mfanyabiashara wa boriti za mikoko kule Kiongoroni, mtoni karibu na bahari. Alisoma hadi la nane. Kujiandikisha alijiandikisha kwa sababu dada alimsukuma. Sasa siku za uchaguzi zilikaribia na habari zilizonifikia ni kwamba bwana hana mpango wa kuja.

Nikaacha nguo za watu, nikapanda lori lililokuwa linafuata boriti, kisha mtumbwi. Maji yalikuwa yamekupwa, tukakaa kwenye tope la mikoko tukiumwa na mbu mpaka yalipojaa tena. Nilipofika Kiongoroni nilikuta shemeji ameketi juu ya lundo la boriti, anakula muwa.

"Shemeji," akasema, "karibu. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Nimekuja kukuchukua ukapige kura."

Akacheka mpaka muwa ukampalia. "Kutoka hapa mpaka Kibiti, kwa sababu ya karatasi? Kura yangu moja itamfanya nini Mwingereza?"

Nikaanza kumweleza. Nilieleza sana siku ile. Nikamwambia habari za mwalimu wetu, za mabwana wa ofisini, za wale wanaotaka mambo yabaki yalivyo. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Aliyemaliza mazungumzo ni dada yangu. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mbele ya mumewe.

"Mimi nikisema nataka kupiga kura, naambiwa sikusoma. Wewe umesoma, unasema ni mbali. Utakwenda."

Akaenda.

Njiani nilimwambia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka: alama tatu, shemeji. Mwalimu, wakili, na yule Mzungu. Kwenye mtumbwi nikamwambia, kwenye lori nikamwambia. Kila mara alijibu, "Nimeelewa." Mwisho akasema, "Shemeji, hata talaka haisemwi mara nyingi namna hii."

Siku ya kura alivaa kanzu niliyomshonea mwenyewe. Akaingia, akakaa humo kwa starehe zake, akatoka anatabasamu. Nikampeleka mgahawani, nikamwagizia chai na mkate wa kumimina. Roho yangu ilikuwa nyeupe kabisa. Nikamuuliza mambo yalikwendaje.

"Vizuri. Nimempigia mwalimu."

"Na wakili?"

"Wakili nimemwacha."

Nikaweka kikombe chini. "Na Mzungu?"

"Yule simjui, bwana. Na yule wa tembo ninyi hammtaki. Nikaona nisimkosee mtu, nimpigie mwalimu peke yake, alama kubwa, waione."

Nilimtazama yule mtu akichovya mkate kwenye chai, mtu aliyefika darasa la nane, niliyemtoa Kiongoroni na kuumwa na mbu kwa ajili yake, nikatamani kulia. Kisha nikamwambia kura yake imekufa, hata ya mwalimu haimo.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema.

Nikanyanyuka nikaondoka.

Matokeo yalipokuja, watu wetu wote watatu walikuwa wameshinda jimbo letu. Hata yule Mzungu asiyejulikana. Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Tulicheza barabarani mpaka vumbi likafunika maduka. Lakini furaha yangu haikukaa sana bila karaha, maana tangu siku ile sikumpata mtu hata mmoja Kibiti aliyekubali kwamba alikuwa upande wa pili. Wale walioniita mpayukaji walikuja barazani kunipa mkono, wakisema, "Tulikwambia." Hata tajiri wangu, akiwa anakunja jora la kaniki, aliniambia amewapigia watu wetu wote watatu.

"Wewe, tajiri?"

"Ulinichosha, fundi. Nikaona bora mshinde, upumzike."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alikuwa anatafuta amani na washindi. Kupumzika sikupumzika.

Baada ya siku chache shemeji naye akaja na mkewe kutupongeza. Aliingia akisema, "Tumeshinda," kwa sauti ya mtu aliyebeba jahazi zima begani. Nikamuuliza, "Wewe na nani?" Akajibu kwamba Mungu huhesabu nia. Dada alikuwa ameshasikia habari ya alama moja; nadhani huko njiani walikwisha kuimaliza, kwa sababu mumewe alikuwa mpole kuliko kawaida. Tulikula wali na samaki, na baada ya kunawa dada akasema, akiwa hamwangalii yeyote, "Siku nikipewa mimi ile karatasi, sitahitaji kuelezwa."

Alipewa. Tulipokwisha kujitawala ulikuja uchaguzi wa rais, na safari hiyo hakuulizwa mtu darasa alilofika. Dada alikuja Kibiti kwa lori lile lile la boriti, akajipanga kwenye foleni kabla jua halijachoma, akaingia na kutoka haraka, hata sikumwona. Mgombea wetu hakuwa na wa kumtisha. Nilikuwa nimeshawaambia watu hivyo toka mwanzo, na sikuwa na shaka na dada yangu hata kidogo. Hata hivyo nilitaka kulisikia jina kutoka kinywani mwake, kwa raha yangu tu.

"Umempigia nani, dada?"

Akafunga mtandio vizuri. "Si mlisema kura ni siri?"

Nikambembeleza, nikamtajia udugu wetu, nikamkumbusha mtumbwi na mbu wa Kiongoroni. Hakuniambia. Amekwisha kufa sasa, Mungu amrehemu, na hakuniambia.